Dakika Moja Kabla ya Radi

Nchelenge, Zambia, ufukweni
Jumanne asubuhi

Kwako Mama yangu,

Mama, u mzima? Ule mguu wako wa kushoto umepoa, au bado unaupaka mawese na kusema ni upepo tu? Na Kaka Dieudonné, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafanya kazi. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari kutafuta kama nimekufa, maana nakujua.

Barua hii isome peke yako. Usimpe Kaka akusomee kwa sauti barazani kama ile ya Krismasi, majirani wakajaa kusikiliza. Funga mlango. Dada yako, Mama Mukubwa Feza, ametoka kwangu, yuko njiani kuja kwako Moba, na maneno mabaya huenda yakamtangulia. Watakuambia kwamba ameua mtu kwa radi huku Nchelenge. Nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwao, ili akibisha hodi umfungulie. Hiyo ndiyo haja ya barua hii yote.

Nilikuandikia zamani kwamba nimepata kazi nje ya kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Sikukueleza kazi yenyewe kwa sababu niliona aibu, ni kazi ya kulinda visanduku. Madame mmoja, muzungu mtafiti wa mawingu, alikuja akavifunga viwili juu ya paa la ghala tupu, karibu na mchanga ambapo watu wanaanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili. Alikuwa anatafuta mtu mwenye Kifaransa na fizikia. Na mimi, miaka yote niliyosimama mbele ya ubao pale Moba nikila chaki, nilikuwa navyo vyote viwili na sina pa kuvipeleka. Akanipa chumba chini ya paa hilo, betri, kioo cha kusomea hesabu na daftari. Kambini nikapewa karatasi ya ruhusa ya kukaa huku. Mama Mukubwa akanifuata, kwa sababu alisema shamba la mihogo la Mantapala halina mtu wa kuongea naye.

Nikueleze visanduku vinafanya nini, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Unakumbuka ile blauzi yako ya nailoni, ukiivua wakati wa kiangazi inalialia na kutoa cheche? Ndani ya wingu la radi kuna kitu kama hicho. Kule juu ni baridi ya kugandisha. Kuna vipande vyepesi vya barafu, na kuna punje nzito kidogo, ndugu wa ile mvua ya mawe iliyotoboa bati la kanisa letu. Upepo wa ndani unavirusha, vinagongana, na vikigongana kimoja kinamwibia mwenzake umeme. Vile vyepesi vinapanda juu na chaji chanya, vile vizito vinabaki chini na chaji hasi. Wingu zima linakuwa betri.

Sasa, kutoka mbali sana, nje ya dunia, kuna chembe zinazotunyeshea kama mvua mchana na usiku, zinatupita hata sasa unaposoma. Zikiingia katika lile wingu zinang'oa elektroni kwenye hewa. Kwa kawaida elektroni ikikimbia hewani inagongagonga, inachoka, inasimama. Lakini katikati ya betri ile inasukumwa kuliko hewa inavyoweza kuizuia. Inakimbia karibu sawa na mwanga, inang'oa nyingine, nazo zinakimbia, zinakuwa maelfu kwa maelfu. Na kila moja ikipita karibu na kiini cha atomu, inapinda na kutupa mionzi. Ni ile jamii ya mionzi ya kupiga radio, ile picha ya kifua, hospitalini, ila hii ni kali zaidi. Wingu linawaka, na jicho halioni kitu.

Kisanduku cha kwanza kina kipande cha fuwele. Mwonzi ukipita kinamulika kidogo, na mashine inahesabu. Cha pili kina sahani inayozunguka, kinapima nguvu ya umeme hewani. Madame alinionya kwamba mvua yenyewe inapandisha hesabu polepole, kwa kuwa inaleta chini mionzi ya kawaida iliyokuwa hewani, nisidanganyike na hiyo. Tena akasema labda nitakaa miaka bila kuona kitu, kwa sababu hewa inaimeza mionzi ya wingu kabla haijafika chini. Labda wingu liwe limeinama sana. "Lakini ukiona hesabu imepanda ghafla, na sahani nayo imepagawa," alisema, "jua wingu linawaka juu ya kichwa chako. Na mara nyingi radi ndiyo inayolizima."

Nilikaa msimu mmoja na nusu bila kuona kitu. Nilifuta vumbi, nikaandika daftari, nikachekwa na akina mama wa chisense kwamba nalipwa kuangalia mvua.

Halafu ikaja Jumatano ya wiki iliyopita, saa saba mchana. Wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi, limeinama hadi ukadhani linataka kunywa maji. Mimi niko chumbani mbele ya kioo, Mama Mukubwa amekaa kwenye kigoda karibu na magoti yangu anamenya mihogo, ananisimulia habari ile ile ya mwaka ambao mume wake alinunua baiskeli mbovu. Hesabu ikapanda. Si polepole kama ya mvua. Ilipanda kama maziwa yanavyofura kwenye sufuria, na ule mstari wa sahani ukaenda hadi ukingoni mwa kioo. Nikasema kwa sauti, "Linawaka! Mama Mukubwa, linawaka!" Na yeye akauliza, "Kintu gani kinawaka? Mbona sioni moto?" Naomba ukumbuke jambo hili, Mama, kwamba alikuwa pale na aliniuliza.

Nikatoka mbio. Mchangani watu walikuwa wameshakimbia na vikapu vyao, isipokuwa Ilunga. Ilunga ni mwenzetu wa Mantapala, mtu wa Pweto, na mzigo wake wa chisense ndio uliokuwa mwingi kuliko yote. Alikuwa peke yake kwenye uwazi, anakusanya kwa mikono miwili. Basi mimi nikafanya kile ambacho wewe ulitukataza tangu hatujaota meno. Wewe, kukiwa na ngurumo, hukuwahi kutuita kwa majina. Ulikuwa unapiga sahani kwa kijiko hadi tuingie ndani, kwa kuwa kwetu jina likiitwa chini ya wingu la radi, ni kama mtu ameelekezwa kwa kidole. Watoto wote wa kwetu wanajua. Mimi mwalimu wa fizikia nikasahau, au sikujali. Nikapiga kelele hadi koo likauma: "Ilunga! Ilunga, toka pale! Itakupiga sasa!"

Aliinua kichwa, akacheka. "Odette, acha batu batumike! Hii mvua hata haiyaanza!"

Nikaita tena. Nadhani nilimwita mara nne. Watu walikuwa wamejibanza chini ya bati la soko, wote wananisikia.

Halafu ikapiga.

Sitakuandikia alivyokuwa. Nilimfikia wa kwanza. Tulifundishwa shuleni, sisi walimu, kwamba mtu wa radi anaweza kuwa moyo umesimama tu, na ukimkandamiza kifua kwa haraka huenda akarudi. Nikapiga magoti, nikaweka mikono. Mke wake, Sifa, alifika na kunivuta nywele hadi nikaanguka chali. "Usimuguse! Wewe njo uliita jina yake!" Wakanishika wanaume wawili. Wengine wakachimba mchanga wenye maji, wakamfukia hadi shingoni ili ardhi inyonye moto, kama wanavyofanya wazee. Nilisimama nikiwa nimeshikwa mikono, nikatazama kifua cha mtu kikifunikwa mchanga. Nilipiga kelele kwamba wanamuua. Hiyo nayo ilihesabiwa dhidi yangu. Nilipotoka pale nilirudi chumbani, nikakuta hesabu imeanguka hadi chini, na nikaandika daftarini saa na dakika za kila badiliko, kama kioo kilivyozihifadhi. Ndiyo, Mama, niliandika. Mkono wangu ulikuwa na mchanga wa mtu yule na niliandika vizuri, kwa mistari iliyonyooka.

Siku ya nne Papa Kasongo akaita mkutano nyuma ya soko. Papa Kasongo ndiye mkubwa wa Wakongomani wanaofanya biashara huku ufukweni. Wabemba, wenyeji wa huku, hawakuja, walisema mambo ya radi yetu tumalize wenyewe. Sifa alikaa chini, kichwa kimenyolewa, akaniuliza swali moja tu: "Namna gani ulijua?"

Ningesema nilibahatisha. Ningesema niliona wingu, kila mtu aliliona. Lakini kiburi cha chaki, Mama! Nilikwenda kuleta daftari. Niliwafungulia ukurasa wa Jumatano, nikawaonyesha kwa kidole: hapa imeanza kupanda, hapa imefika juu, hapa radi. Karibu dakika nzima katikati. Nilieleza barafu, elektroni na mionzi kwa Kiswahili kizuri kabisa, nikafurahi hata nikasahau nipo mbele ya nani. Nilipomaliza, Sifa alisema polepole, "Donc, basi iliandikwa mbele ya radi kupiga."

Watu wakaguna. Nikaona nimejifunga kamba mwenyewe.

Papa Kasongo si mjinga. Mimi ndiye ninayewaandikia barua zao za biro, zile za ofisini, Kifaransa na Kiingereza. Bila mimi nusu yao hawana karatasi. Hakutaka niondoke. Lakini Sifa alikuwa amefiwa, na mfiwa lazima apewe mtu wa kulaumu. Akakohoa, akasema, "Mutu mwenye kusoma hanaka ile nguvu. Bintu bya radi binatokaka kwa bakubwa ba nyumba. Mutoto anasemaka tu kile alisikia." Wote wakageuka kumtazama Mama Mukubwa, aliyekaa nyuma na kitambaa chake cha kanisa, macho mekundu kama ya kila mwanamke anayekausha samaki kwa moshi. Macho yale yakawa ushahidi. Halafu Papa Kasongo akaniuliza mimi, kwa upole, kama mtu anayekufungulia mlango: "Mama mukubwa yako alikuwa wapi ile saa?"

Alikuwa kwenye kigoda, karibu na magoti yangu, anamenya mihogo. Maneno hayo tu yangetosha. Wangejua hakutoka nje, hakunuia kitu, aliuliza mbona haoni moto. Lakini kama si yeye, aliyebaki katika nyumba ile ni mimi. Niliwaza chumba, betri, daftari, karatasi ya ruhusa. Niliwaza vile vijiti ambavyo vijana wawili walikuwa wamevishika tangu mkutano uanze. Nikasema, "Sikumwona."

Mama Mukubwa alinigeukia. Hakulia. Akasema, "Bon, sawa. Kama mutoto anasema hakuniona, sikukuwa pale." Akajifunga kitenge, akasimama mwenyewe kabla hawajamwambia asimame.

Walimpiga kidogo. Najua neno hilo "kidogo" ni la aibu. Chumbani walimwaga vitu vyake nje, mihogo aliyokuwa amemenya wakaikanyaga kwa sababu imetoka mkononi mwake, na kesho yake asubuhi wakampeleka kwenye mtumbwi wa injini unaokwenda Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Mimi nilitembea nyuma yao na furushi lake. Hakuna aliyenizuia, nilikuwa mtu mwema tena. Sifa mwenyewe alinisalimia.

Kwenye maji, kabla hajapanda, alichukua furushi na kuuliza, "Ile sanduku yako ilisema kweli?"

"Ilisema kweli, Mama Mukubwa."

"Ilunga hakukuwa hata ndugu yako, na ulimuita mbele ya batu bote. Mimi nilikushika mukono toka Pweto mpaka huku, na hukuniona."

Unajua safari ile, Mama. Mguu wangu ulikuwa umevimba, nilimwambia aniache njiani aende na wengine, akanitukana tusi la mama yangu, yaani wewe dada yake, akanipitisha hadi mpakani. Mwenye mtumbwi akawasha injini.

Nimechoka, nitaendelea.

Alhamisi

Mama, nilipoacha juzi nilidhani nimemaliza ubaya wote. Jana Mama Sidonie amerudi. Huyu ni mwenzetu wa kambini anayevuka ziwa kila wiki na chumvi na sabuni, ndiye atakayeipeleka barua hii. Amemwona Mama Mukubwa. Hajaenda popote, yuko Kilwa pale pale kwenye kivuko. Mwenye mtumbwi aliwasimulia abiria wote kwa nini mama huyu amepakiwa, na abiria waliposhuka waliwasimulia wa lori. Sasa hakuna dereva anayekubali kumpakia. Huu ni msimu wa mvua, wanasema, nani atasafiri na mtu wa radi chini ya turubai? Anakaa chini ya ukuta wa ghala la samaki. Akikaribia moto wa mtu, moto unahamishwa. Mama Sidonie alimwachia sabuni na ugali kwa mbali, akakimbia. Anasema mkono wake mmoja umevimba, haufungi vidole. Hicho ndicho kile "kidogo" nilichokuandikia.

Barua hii itapanda lori ambalo yeye amekataliwa. Itapita mbele yake.

Na jana hiyo hiyo Madame alipiga simu kutoka kwao. Nilikuwa nimemtumia picha za daftari. Alikuwa anacheka kwa furaha kama msichana. Alisema nimepata kitu ambacho watu wanakitafuta milimani kwa mashine za bei kali: wingu limewaka juu ya ziwa, limezimwa na radi, na dakika imeandikwa kwa mkono. Alisema jina langu litakuwa kwenye karatasi yao ya utafiti. Nikamwambia mtu alikufa. Akasema pole, pole sana, akauliza kama radi ilipiga umbali gani kutoka kwenye kisanduku. Nikamhesabia hatua. Simchukii. Aliuliza swali la kazi na mimi nilimjibu la kazi.

Basi sikiliza ninachokuomba. Usingoje abishe hodi, hataweza kufika. Mtume Kaka Dieudonné, leo usomapo, apite Pweto ashuke hadi Kilwa akamchukue. Aende na baiskeli, asitegemee lori, na ampakie nyuma hata kama watatembea wiki mbili. Watu wakimwambia amebeba mchawi, asibishane, apite tu. Akifika kwako mpe kitanda changu. Mtu wa kwaya au jirani yeyote akija na maneno ya radi, mwambie mwenye kosa ni Odette, anaandika kwa mkono wake kwamba Feza alikuwa ndani, amekaa, anamenya mihogo, na Odette alimwona. Nimeyaandika haya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili, na sahihi yangu, umwonyeshe yeyote anayejua kusoma.

Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli, mwambie ampe Kaka matairi yasiyo na viraka. Nisalimie shangazi anayeimba sauti ya kwanza, ingawa ndiye ninayemwogopa kwa mdomo. Nisalimie bibi, mama wa baba, kama bado anatambua majina. Asipotambua usimsumbue na langu. Binamu yangu mwalimu asisome barua hii.

Utajiuliza swali, Mama, na ni haki yako. Kutoka hapa hadi Kilwa ni mtumbwi wa asubuhi moja. Kutoka kwenu ni siku na siku za matope. Nilikuwa nimekuandikia hapa kwamba siwezi kuvuka, kwa kuwa mkimbizi akirudi Kongo na akajulikana, karatasi yake inakufa. Nikaisoma mara tatu. Mama Sidonie naye ni mkimbizi, na anavuka kila wiki. Nimelifuta lile neno, utaona doa lake hapo juu. Naweza kwenda, Mama. Siendi.

Ni mimi mwanao,
Odette